Swali la Kikokotoo cha Dada

Shosti, uko wapi?

Kile kikokotoo cha marehemu dada, si nilikwenda nacho darasani leo! Nilikuwa nawafundisha amri ya kurudia: swali halikomi mpaka sharti litimie. Nikafungua programu aliyoiandika yeye humo, bila hata kuisoma.

Ikauliza: "Mdogo wangu, umefika? Ndiyo 1, hapana 0."

Nikabonyeza 0 ili waone. Ikauliza tena. 0. Ikauliza tena! Darasa zima kicheko.

Ndipo nikaona jina la programu: WODI 4. Alipolazwa. Na mimi kila siku nikimwambia kwa simu "nakuja kesho".

Mwanafunzi akasema, "Mwalimu, si ubonyeze 1 ikome?"

Nitabonyezaje, shosti, na sikufika?

Nimekifunika kwa daftari. Bado kinauliza.