Mutoto Yako Anasoma?

Jumatatu, 6 Oktoba
Majedwali tena. Sura ya nne ya tasnifu haiishi, mimi ndiye ninayekwisha. Umeme umekatika. Mama Ilunga, jirani anayekaanga mikate, mandazi ya huku, barabarani, ameniuliza kama kila asubuhi: "Weye, uko nasoma tu?" Nina miaka arobaini na minne. Msaidizi chuoni tangu nywele zilipokuwa nyeusi zote. Tasnifu yangu inahusu jinsi watoto wa shule ya msingi wanavyojifunza kusoma. Utetezi ni Desemba. Nikipata udaktari nitapanda cheo. Nisipoupata nitazeeka nikibeba chaki za wengine.

Alhamisi, 9 Oktoba
Furaha, mtoto wa mdogo wangu, amefika kutoka Tshangalele, kule ziwani. Mwalimu wao kakimbilia machimboni, kwa hiyo ataingia shule ya hapa mjini, darasa la tatu. Nilimuuliza mamake kwenye simu kama mtoto anasoma. Anasoma, akaniambia, tena sana. Sawa.

Jumapili, 12 Oktoba
Kanisani Furaha kaimba kila wimbo, kitabu mkononi. Nikachungulia. Ukurasa mwingine kabisa. Nyumbani nikamwandikia "samaki". Mtoto wa wavuvi. Akaniangalia mimi usoni, karatasi hakuiangalia. Nikampigia mamake, nikawa mkali. Akashangaa. "Uliniuliza kama anasoma. Iko nasoma. Kila siku iko naenda ku masomo."

Hakudanganya. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimefungua dodoso letu, lile tulilowauliza wazazi kwa ajili ya tasnifu. Lile swali kubwa: "Mutoto yako anasoma?" Profesa anayenisimamia ndiye aliyelitafsiri kutoka Kifaransa, akajisifu kwamba ni Kiswahili cha watu. Alitaka kujua kama mtoto anaweza kusoma maandishi. Wazazi wakasikia: mtoto wako yuko shuleni? Ndiyo, wakasema. Mtaa kwa mtaa, mpaka Mulungwishi, ndiyo.

Juu ya ndiyo hizo tumejenga hitimisho: watoto wanajua kusoma, saa za kusoma zipunguzwe. Nikishatetea tu, Profesa atalipeleka kwa wakubwa wa shule. Saa hizo ndizo anazozihitaji Furaha. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimekwenda kwa Profesa. Aliye juu mngoje chini, na mimi nimengoja mpaka magoti yanauma. Nilizunguka, nikamsifu kwanza, ndipo nikalitaja swali. Akanieleza kwamba swali hilo likianguka, tasnifu imeanguka, na yeye anastaafu mwakani, nitamtafuta nani? Kisha kwa upole, kama baba: "Mama, andika vile iko."

Yaani niache ilivyo. Nikapanda basi la kurudi Likasi.

Jumanne, 21 Oktoba
Sijaandika kitu. Maji hayatoki. Moshi wa kiwanda unakuna koo, nikifunga dirisha nakosa hewa. Nikitetea, mimi daktari, Furaha bubu mbele ya karatasi. Nisipotetea, chaki. Namchukia Profesa. Halafu nakumbuka alivyokaa matangani kwa baba yangu hadi mwisho, nashindwa hata kumchukia vizuri.

Naogopa. Basi.

Alhamisi, 23 Oktoba
Vile iko. Maneno hayo yamenikaa kichwani tangu Ijumaa. Leo nimeyatii.

Nimeandika vile iko: swali liliuliza hiki, wazazi walijibu kile, kwa hiyo hatujui kama watoto wanaweza kusoma. Hitimisho nimelifuta. Nimemtumia Profesa kabla ujasiri haujaniishia.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Profesa kimya. Katibu wa idara ameniambia kwamba siku yangu ya Desemba amepewa mwingine. Nilidhani nitalia. Nimesonga bukari, ugali wetu, tumekula.

Mvua ilipopungua Mama Ilunga aliingia na mikate iliyobaki. Akatukuta mezani, Furaha na mimi, lile neno la samaki katikati yetu. Akauliza lile lile lake, kama niko nasoma tu.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Tuko nasoma."

Furaha hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye "ma".