Kabati la Karatasi la Yankho

Songani, Zomba
Jumapili, 11 Februari

Mpendwa Dada Dorika,

Na hapo ndipo basi lako lilipoondoka pale stendi tulipokutana, nikabaki na nusu ya maneno mdomoni. Nilikuwa nakueleza jinsi Wyson anavyonisubiri nimalize kula ndipo naye anawe mikono, na wewe ukawa unacheka kwamba ndoa ya wiki tatu haimshindi mtu. Sasa ni wiki sita, dada, na bado nikisikia baiskeli yake inaingia uani naacha ninachofanya na kutengeneza kilemba. Lakini leo nakuandikia nikiwa sijatulia. Utaona mwenyewe kwenye mwandiko.

Hamjambo huko Liwonde? Mgongo wa shemeji unaendeleaje, na mapacha wamerudi shule? Sisi miili ni mizima. Mvua ni nyingi, nguo hazikauki, na mahindi yamesimama vizuri. Mama mkwe anakusalimu sana. Wale samaki aina ya chambo uliowaleta harusini anawataja kila tukila majani ya maboga.

Yankho naye hajambo, kwa maana ya kwamba anakula na kucheka. Najua harusini ulimwona kwa mbali tu, mikononi mwa bibi yake mzaa mama, ukaniuliza kama kweli nitaweza kumlea mtoto wa marehemu mke wa kwanza wa Wyson, tena mtoto ambaye ana miaka miwili na miezi minne na hasimami wala hajasema neno. Dada, sijui nikuambieje. Akiniwekea shavu begani nasahau hata kama sufuria inaungua. Ana macho ya baba yake, yale yale yaliyonifanya nifeli hesabu kidato cha tatu.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anakuja Bi. Kachingwe, mtaalamu wa mazoezi kutoka kliniki, kwa pikipiki, akiwa na koti la mvua linalofika miguuni. Amenifundisha mambo ambayo sikujua kama ni kazi. Nikimpa Yankho kikombe, nisimpe haraka. Nikishike mbele ya uso wake, nimtazame, nihesabu kimoyomoyo hadi kumi, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba anataka, hata kwa kunyoosha kidole. Kumi ni nyingi sana, dada, mtoto akikutazama vile. Nimkalishe pajani miguu ikanyage chini. Na la muhimu kuliko yote, asimame nusu saa asubuhi na nusu saa jioni ndani ya kabati lake.

Kabati ni jina la majirani. Ni kitu kama sanduku lisilo na mgongo, limetengenezwa kwa maboksi na magazeti ya zamani yaliyogandishwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka, likikauka linakuwa gumu kama ubao. Mtoto anasimamishwa ndani, anafungwa kitenge kiunoni, mbele kuna meza ndogo ya kuwekea vitu vya kuchezea. La kwanza lilikuwa limembana. Wyson alitengeneza jipya kwa wiki sita kabla mvua hazijaanza, kwa siri, ili nilione siku Yankho atakaporudi kutoka kwa bibi yake baada ya harusi. Lilibaki rangi tu.

Sasa unamkumbuka Mjomba Makwinja, kaka wa marehemu, yule aliyesimama harusini kabla ya chakula. Alisema mbele ya watu wote kwamba mtoto ni wa upande wao, upande wa mama, kama ilivyo kwetu sote huku, na kwamba, namnukuu, Wyson wamemwazima tu. Kwa ajili ya mazoezi atamwacha, lakini mwezi ukipita atakuja kuona kwa macho yake, na akikuta mtoto amerudi nyuma anamchukua. Kwao ni kilomita hamsini na kitu kutoka kliniki. Bibi wa huko haoni vizuri, anamlaza Yankho mkekani kutwa na kumfukuzia nzi. Wyson usiku ule wa harusi yetu, badala ya maneno matamu, aliniambia kwamba akimpoteza huyu hajui atabaki mtu gani.

Habari ya mbuzi umeshaisikia, maana Songani nzima inaijua. Jumatano ya kwanza baada ya harusi, Yankho aliporudi, Wyson alinifumba macho kwa viganja vyake akanipeleka jikoni, akafungua mlango, hakuna kabati. Mlangoni mbuzi wawili wa Anaphiri, jirani yetu, walikuwa wanatafuna vipande vya boksi. Uji wa unga ndani ya karatasi, mbuzi gani ataacha? Anaphiri alikana. Alisema mbuzi wake si mchwa, hawawezi kumaliza fenicha nzima asubuhi moja, na kama tunataka kitu cha kulaumu tulaumu mlango wetu usio na komeo. Kesi ilifika kwa mkuu wa kijiji, ikaamuliwa Anaphiri atoe jogoo. Nilimnyonyoa mimi, nikampika mimi, na nikapewa paja kama bibi harusi.

Wyson alianza kutengeneza lingine, mvua ikaliotesha ukungu. La zamani mtoto haingii tena. Wiki zikapita. Jumatano hii Bi. Kachingwe alimlaza Yankho, akaukunja mguu wa kulia, ukagoma. Akajaribu tena taratibu. Visigino ambavyo vilikuwa vimeanza kugusa chini vimepanda, na mapaja yanabanana kama zamani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu ni siku ngapi hajasimama, nikasema thelathini na tano, akaandika.  

Jana Jumamosi Mjomba Makwinja akaja, na wazee wawili. Alimsimamisha Yankho chini kwa kumshika kwapani, miguu ikapishana kama mkasi. Akamrudisha mkekani, akasema nyumba ambayo mbuzi wanakula miguu ya mtoto si nyumba, nguo zake zifungwe. Wyson hakubisha. Alisimama, akaanza kuzikunja zile gauni ndogo moja moja, anazikunja vizuri kweli, na yule wa jirani, Anaphiri, yuko pale mlangoni ameitwa kama shahidi, anaambiwa yeye na mbuzi wake ndio wamevunja nyumba ya watu.

Dada, nimekusimulia habari ya mbuzi kama inavyosimuliwa. Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Jumatano ile niliamka alfajiri nimchemshie mume wangu maji ya kuoga. Unajua bibi harusi huku anavyopimwa kwa maji ya asubuhi, na mama mkwe alikuwa chumba cha pili, anasikiliza. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Nikapuliza mpaka machozi. Pale kwenye kona nikaona libokisi limelala ubavu, la magazeti, halina rangi, nikadhani ni takataka za harusi, zilizowekwa kwa ajili ya kuwashia. Nikalivunja kwa mguu. Liliwaka vizuri sana. Wyson alioga, akatoka anaimba, akaniambia hajawahi kuoga maji matamu kama yale. Vipande vilivyobaki nilivifagia mlangoni, ndivyo walivyovikuta mbuzi.

Nilipojua, wote walikuwa tayari wanawapigia kelele mbuzi. Nikanyamaza dakika moja, ikawa siku, ikawa wiki. Nilikuwa na siku nne tu za ndoa. Niliogopa ataniangalia kwa macho mengine.

Jana nilisikia sauti inasema, mbuzi hawakula, nililichoma mimi. Sikujua ni yangu mpaka nilipoona watu wote wamenigeukia. Nikasema yote, na maji ya kuoga, na paja. Mama mkwe alikaa chini palepale. Anaphiri ndiye aliyezungumza wa kwanza. Alisema, kumbe mbuzi mwenyewe ana kilemba. Mzee mmoja akacheka, akakohoa kuficha. Mjomba Makwinja hakucheka. Aliniuliza kwa nini nimesema sasa, wakati ningeweza kunyamaza mtoto aondoke na siri iishe. Nikamjibu kwamba mtoto hawezi kwenda kulala mkekani maisha yake yote kwa sababu mimi naogopa mume. Alimtazama Yankho pale mkekani. Kisha akasema Yankho atabaki mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Siku hiyo nimpeleke mimi mwenyewe, si Wyson, na kabati jipya, asimame ndani yake mbele ya bibi yake. Asiposimama, narudi peke yangu.

Wyson aliniambia sentensi moja tu. Alisema, ungeniambia asubuhi ile ningecheka. Tangu hapo hajasema neno. Sijawahi kujua kwamba mtu anaweza kukuumiza kwa sauti ya upole vile.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Anaphiri na kuku wetu mmoja. Alimpokea, akamkagua chini ya mbawa kama anamshuku, akaingia ndani bila kunikaribisha. Mchana akaja amebeba maboksi kichwani, akayatupa mlangoni pangu, akasema banda lake la kukaushia tumbaku lina moto kutwa, karatasi zitakauka huko hata mvua inyeshe, ila nisizipeleke mimi, nitalichoma banda.

Ninapokuandikia, Wyson yuko barazani anachana magazeti ndani ya beseni. Nikimaliza barua nitakwenda kukaa upande wa pili wa beseni nichane na mimi. Asiponisemesha nitachana tu. Yankho ameshasimama mara mbili leo katikati ya magoti yangu, kwa kulia, lakini amesimama.

Msalimie shemeji na mapacha, na Mama ukipata mtu wa kwenda Balaka. Kuhusu kuni usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Njia ya kwa Makwinja inapita Liwonde, kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha nitabisha mlangoni kwako, mtoto mgongoni na kabati kichwani, na wakati wa kurudi nitapita tena.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Enelesi