Kanga za Ukutani

Pangani, Kibaha
9 Machi 1978

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ile homa imekuacha? Na goti la Baba je? Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri. Siko tena kama mlivyoniacha kwenye msiba wa Zena.

Shule yetu imepata madarasa mawili ya bati. Unakumbuka mvua ikinyesha watoto wa darasa la kwanza walivyokimbilia jikoni kwetu, Zena, marehemu mke wangu, akisogeza masufuria wapate pa kukaa. Alipoondoka, nikawa nawarudisha makwao. Afisa elimu alishatuonya: bila madarasa ya maana, shule itafungwa.

Wafadhili walipokuja kutazama, kijiji kiliona aibu. Tuliazima madawati shule ya jirani, kina mama wakatundika kanga kufunika kuta mbovu, utadhani kuna harusi. Mgeni mmoja akazunguka, akasema kwa kutafsiriwa, "Mbona hapa pazuri? Shida yenu hasa ni nini?"

"Hatuna shida, mgeni wetu. Karibu chai," akajibu mwenyekiti wa kijiji.

Mama, nilisogea mbele. Nikasema, "Mwenyekiti, niwie radhi. Naomba kanga zishushwe."

"Mwalimu! Unataka kutuvua nguo mbele ya wageni?"

Kabla sijajibu, Bi Tatu, mzazi wa wanafunzi wangu wawili, akaivuta ya kwake. "Hii yangu, naichukua. Wanangu wanakaa chini humu, wanao, Mwenyekiti, wanasoma mjini. Hiyo chai kanywe wewe!"

Nyuma ya kanga palikuwa na tundu kubwa, na mbuzi anatuchungulia. Mgeni alicheka, halafu akaomba zishushwe zote.

Bati na saruji vikaletwa. Kuta tulijenga wenyewe kila Jumamosi, na mwenyekiti hakukosa hata siku moja. Jumanne ikanyesha mvua kubwa. Bati lilipiga kelele hatukusikilizana, lakini hakuna mtoto aliyeinuka. Nilisimama na chaki mkononi, nikashindwa kuandika kwa muda.

Najua ungependa nirudi Kisarawe. Niache kwanza huku, Mama, kazi ipo.

Msalimie shangazi Mwajuma anayekusomea barua hii, na kaka Rajabu muuza nazi. Mkimwombea Zena, nami mnikumbuke.

Mwanao,
Athumani