Niliinua Mkono Kabla ya Kuuliza

Bibi, shikamoo. Naomba unishike mkono, maana kichwa changu kimekuwa pakacha, kila ninachotia kinavuja. Mimi ni mbunge mpya, kabla ya hapo nilikuwa mkunga miaka kumi na tisa, nikadhani bungeni mtu anakaa kitini, anasikiliza, anasema ndiyo au siyo, kumbe ukumbi ule mkubwa ni sebule tu, mambo yenyewe yanapikwa vyumba vya nyuma, na mimi nina vyumba vitatu: kikao cha wabunge wa chama changu, umoja wa wabunge wanawake wa vyama vyote, na kamati ya afya.

Mwenyekiti wa kamati ni mama mtu mzima, wa chama changu hicho hicho, ndiye aliyenipokea, akanifundisha mlango wa kuingilia na wakati wa kuinama mbele ya Spika, na siku ya kiapo akaniazima koti lake jeusi kwa sababu langu lilikuwa la mikono mifupi, mlinzi akanizuia. Sasa kamati imeandika ripoti kuhusu wodi za wazazi zisizo na maji, wakubwa wa chama wanataka ukurasa mmoja uchomolewe, mama amekataa, kasema, "Nikiuchomoa, na waliokufa niwachomoe pia?"

Jumanne asubuhi umoja wa wanawake ulikutana, tukaazimia hatumwachi, nami nikainua mkono, kutazama saa kikao cha chama kimeshaanza ghorofa ya juu, nikapanda ngazi mbio, naingia nahema, namkuta mnadhimu, yule anayehakikisha wa chama tunapiga kura upande mmoja, anauliza, "Wanaoafiki?" Mikono yote juu, nikadhani wanafunga kikao twende chai, nami nikainua. Jirani yangu akaninong'oneza, "Dada, kumbe una roho ngumu! Umemng'oa mama yako."

Alhamisi ijayo kamati inapiga kura ya kumwondoa mama uenyekiti. Tuko kumi na watano, saba huku, saba kule, aliyebaki ni mimi. Mnadhimu ananiambia mkono ulioinuliwa kikaoni haushuki. Mama mwenyewe hajui, jana kanimiminia chai akasema, "Wewe mwanangu sina wasiwasi nawe," nami nikainywa chai yake yote, nikaaga. Bibi, mimi ni wa chama, wa wanawake, au wa kamati?

Mkunga wa vyumba vitatu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako mkwe wangu amenisomea mara tatu. Mara ya kwanza sikuambulia kitu. Mara ya pili nikamwambia apange vikombe mezani, hiki chama, hiki wanawake, hiki kamati, na wewe kijiko. Ndipo nikaona: vikombe havina kosa. Kijiko ndicho kinachoingia popote bila kutazama mna nini.

Pole, umechanganyikiwa, hata mimi ningechanganyikiwa. Lakini nikuulize, mkunga mzima wewe! Ungeingia wodini ukihema, ukawakuta wenzako wanapiga kelele "Sukuma! Sukuma!", nawe ungesema sukuma kabla hujamgusa mama tumbo? Ungemuua. Basi huko ghorofani ndivyo ulivyofanya, kwa sababu ya chai!

Sasa acha kulia, nisikilize. Leo hii, si kesho, nenda kwa mama mwenyekiti. Usitume ujumbe wa simu, nenda kwa miguu yako, mwambie, "Mama, niliinua mkono dhidi yako bila kujua." Atanuna. Mwache anune, akinyamaza kaa hapo hapo. Bora alisikie kwako kuliko kwa yule mnong'onaji, ambaye naye, nikwambie, si mtu wako.

Ukitoka hapo nenda kwa mnadhimu. Yeye anafanya kazi yake, usimtukane. Mwambie mkono ule ulikuwa wa kwenda chai, na mkono wa kwenda chai unashuka. Atakutisha kukutoa kwenye kamati. Huenda kweli akakutoa. Umezalisha akina mama kwa mwanga wa kibatari, leo uogope kunyang'anywa kiti?

Unauliza wewe ni wa nani. Unanitia wazimu, mwanangu! Chama kilikusimamisha, wanawake wanakushika bega, kamati imekupa kazi. Aliyekuchagua ni yule mzazi anayebebewa maji kwa ndoo na mama mkwe wake. Wewe ni wake. Ukurasa wanaotaka kuuchomoa ni wa nani, kama si wake?

Alhamisi, kabla hujainua chochote, uliza kwa sauti, "Tunapigia nini kura?" Wacheke. Mimi sikukanyaga darasa, nimekuwa nikiuliza tangu utoto, na sijawahi kupotea nikaingia nyumba isiyo yangu.

Na lile koti jeusi najua bado unalo, hukusema umelirudisha. Lipige pasi, Alhamisi livae. Kura ikiisha, likunje umrudishie mwenyewe, mkononi, mbele ya wote. Kama unaona utashindwa kumtazama usoni, basi mrudishie leo, kabla hujaingia nalo chumba cha kamati.