Meli Zilipochelewa Kufika Kwenye Kioo

Dada Zuhura,

Sikuulizi hali, maana hali yako sasa anaijua Mola peke yake. Nakuandikia ya hapa Temeke, hasa ya ofisini kwako, kwa sababu jana nusura kazi yako ifutwe.

Tangu tulipokuzika, Bwana Nassoro hajamweka mtu kwenye kiti chako. Alikuja kwenye arobaini yako, akala pilau barazani na wanaume wenzake. Wakati wa kuaga akamwambia Baba kwamba ule ukurasa wako wa kompyuta wa kuonyesha meli haufanyi kazi, na Jumamosi alikuwa amewaalika mawakala wenzake wa forodha waje kuuona. Ukishindikana, fundi wa mjini atakuja kuufuta na kuweka programu ya kununua. Mimi nilikuwa nawapitishia maji ya kunawa. Nikamwomba aniachie nijaribu. Baba akanitolea macho, lakini Bwana Nassoro akasema, "Mwache aguse. Zuhura alikuwa akimfundisha mbele yangu."

Ulivyougawa nilikuwa naukumbuka. Kuna sehemu uliyoiita Mletaji, inayopiga simu kwa modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, hadi kwenye kompyuta ya bandarini na kurudi na majina ya meli zilizotia nanga. Na kuna Ubao, unaochora jedwali kwenye kioo cha kompyuta. Uliugua kabla hujaziunganisha sawasawa. Ubao ulikuwa unamtuma Mletaji, kisha papo hapo unachora, hata simu haijaita. Jedwali likawa tupu kila siku.

Nikafanya nililoliona ni akili: nikauamuru Ubao usubiri sekunde ishirini ndipo uchore. Ijumaa ukatoka vizuri, meli zote zimo. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama nimemaliza, naye akalia kidogo.

Jumamosi ikanyesha. Unazijua simu za kwetu mvua ikinyesha. Mawakala wamesimama nyuma yangu, modemu inakoroma, inakata, inaanza upya. Sekunde zikaisha. Ubao ukachora mistari yake, na ndani ya mistari weupe mtupu. Meli zikafika kwa Mletaji baada ya hapo, lakini Ubao ulishamaliza kazi yake na haukuwa na habari.

"Nassoro, bandari imehamia Tanga?" mmoja akauliza, wakacheka. Mwingine akaniita profesa. Bwana Nassoro hakucheka. Alisema wakitoka kuswali adhuhuri watatazama mara moja tu, kisha atampigia fundi.

Wakaondoka. Nilifikiri niongeze sekunde, ziwe sitini. Na mvua ikizidi je? Ndipo nikakumbuka ulivyonicheka siku ile nimesimama kwa Bi Tausi nangoja vitumbua hadi macho yakajaa moshi, na watoto wote wa mtaa wameacha mabakuli yao wakaenda kucheza. "Hujui moto wake utakolea saa ngapi," uliniambia. "Mwachie bakuli lako. Vikiiva atakupakulia, akuite."

Basi nikazifuta sekunde zote. Sasa Ubao unapomtuma Mletaji, unamkabidhi pia jina la kazi ya kuchora. Mletaji akishazipata meli, yeye ndiye anayeiita kazi hiyo na kuipa majina. Kabla ya hapo Ubao haukisii kitu, unaandika tu: Taarifa zinakuja.

Walirudi kofia zimelowa. Nikabonyeza. Modemu ikakoroma, ikakata, ikaanza tena. Taarifa zinakuja. Yule aliyeniita profesa akatazama saa yake. Taarifa zinakuja. Kisha nikaona mkono wa Bwana Nassoro unakwenda kwenye simu ya mezani, kumpigia fundi. Dada, laini ni ile ile moja. Angeinyanyua tu, Mletaji angekatikia njiani.

Sijawahi kumkataza mtu mzima jambo. Nikasema, "Shikamoo, Bwana Nassoro, tafadhali usiinyanyue."

Sijui kwa nini nilimwamkia tena. Mkono ukabaki juu ya simu. Mvua ikagonga bati. Kisha jina la meli ya kwanza likatokea, na mengine yakashuka chini yake hadi jedwali likajaa. Mawakala wakasogea kusoma, wakanisahau. Bwana Nassoro akauondoa mkono. Hakunisifu. Alisema, "Jumamosi ijayo uje mapema."

Kazi yako ipo, Dada. Ila kuna kitu sikumwambia mtu. Laini ikikatika kabisa, Mletaji hamwiti mtu, na Ubao unaendelea kusema taarifa zinakuja hadi jioni, na watu wamekaa wanautazama.

Mdogo wetu Saidi bado anakuulizia kila tukitandika mkeka wa chakula, na sote tunamjibu kwamba umesafiri, unakuja. Anakubakizia nafasi.

Nakuahidi Jumamosi nitauandikia Ubao maneno ya kusema kwamba haziji. Na leo, kabla hatujatandika mkeka, nitamchukua Saidi nje, nikae naye, nimwambie.

Mola akulaze pema, Dada yangu.

Mdogo wako,
Mwajuma