Wadudu Kwenye Feni

Mwigobero, Musoma

Baba Nyamburi,

Sisi wazima, na kazi ya kuchapa inaenda. Ile kompyuta ilikuwa nzito mno, ugali unaiva kabla haijafunguka. Fundi Gody aliiwekea programu za kurekebisha, nazo zikaganda. Akasema, "Mama, tufute vyote tuanze upya." Nikakataa kabisa. Humo mna picha za komunyo ya kwanza ya Nyamburi, ile uliyoikosa.

Nikamwambia aifungue kwanza. Feni imejaa wadudu wa ziwani! Kumbe joto ndilo lilikuwa linaichosha. Nilikuwaga naiweka dirishani, nikichapa huku naangalia boti zikishusha watu.

Ameisafisha, sasa inakimbia, mpaka nimecheka mwenyewe. Gody kaniagiza nifunge dirisha. Nimehamisha meza tu. Dirisha liko wazi.

Ni mimi mkeo,
Dafroza