Akina Mama wa Alhamisi

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututangulie, Mama, na Baba bado anakunja goti lake mara ishirini kila asubuhi kabla ya chai, kama ulivyomwamuru. Analalamika vilevile. Tunamwacha alalamike.

Kwenye shule ya watoto wenye ulemavu walikuita Mama Viungo. Ulifika Alhamisi tu, maana siku nyingine ulikuwa kazini hospitalini, ukiwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo. Ulikaa chini na watoto, ukawanyoosha miguu huku ukiwatania, na hukukubali mzazi amwache mtoto aende zake. Ilikuwa lazima ajifunze kwa mikono yake. Mama mmoja, muuza mitumba, alikujibu, "Dada, mtaalamu ni wewe. Mimi nina biashara."

"Mimi ninaye Alhamisi moja," ukamwambia. "Wewe unaye wiki nzima. Haba na haba, mdogo wangu."

Hata sisi tulikuona king'ang'anizi. Baba alisema utawakimbiza watu. Ulicheka tu, ukamwongezea mazoezi.

Ulipofariki, shule ilikaa miezi kumi na mmoja bila mtaalamu. Tuliogopa, hasa kwa binti wa yule muuza mitumba, aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika meza. Ulitwambia mara nyingi kwamba miguu ya namna ile ikikosa mazoezi hukakamaa. Tulidhani jasho lako limepotea bure.

Mwezi uliopita alikuja mtaalamu mpya, mwanamama mpole. Baba alikuwapo, amepeleka kiatu cha mtoto mmoja alichokiongezea soli. Mtaalamu akasoma faili la binti, akatikisa kichwa, akaushika mguu wake kwa uangalifu. Ukanyooka. Akaukunja, akaunyoosha tena.

"Nani amekuwa akimfanyia mazoezi?"

"Sisi wenyewe," alisema muuza mitumba. "Tunakutana hapa kila Alhamisi. Asiyekuja tunamfuata kwake."

Mtaalamu alifunga faili. "Basi nionyesheni mnavyofanya."

Baba alitusimulia huku analia, nasi tukalia naye, kwa raha. Hatujawahi kujivunia mtu hivi.

Tunaokukumbuka ni mumeo, fundi viatu, sisi wanao watatu na wakwe zako, dada yako mshonaji, wajukuu sita, pamoja na akina mama wa Alhamisi, walioomba tuwaandike hapa miongoni mwa ndugu. Tumewaandika.

Tutakukumbuka daima, Mama, sisi sote.